Dawa Isiyozinduliwa

Ndugu msomaji, kaa kitako nikusimulie. Lakini kwanza kikague kiti chako, na kama hakijazinduliwa, tafadhali simama, usije ukaniponza.

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba nalificha. Jina la zamani lilifutwa kwa sherehe kubwa, na jina jipya liko tayari, limeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao uliofunikwa pazia mbele ya Bunge, linamsubiri mgeni rasmi wa kulifunua. Kwa sasa tunaishi bila jina, na hatujambo. Barua kutoka nje huandikwa "Kwenu", na zinafika.

Kwetu sheria mama ni moja: kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo. Daraja la Mto Kiyombo limejengwa, limepakwa rangi, limefungwa utepe, na watu wanaogelea chini yake huku wakilisifia. Shule ya mtaani kwetu ina vyoo vipya vyenye vigae, na watoto huvizunguka wakienda kichakani. Usicheke. Kuna bwana mmoja alilivuka daraja lile kwa miguu, akashitakiwa kwa kosa la kutembea hewani, maana kisheria chini ya nyayo zake hapakuwa na kitu. Alikiri kosa.

Mimi ni Mtunza Mkasi wa Taifa. Jina langu Mahimbo, ila ofisini wananiita Bwana Mkasi. Kazi yangu ni kuubeba mkasi wa dhahabu juu ya mto wa mahameli, kusimama upande wa kulia wa mgeni rasmi, na kuinamisha kichwa. Ni marufuku mimi mwenyewe kukata chochote kwa mkasi ule, hata uzi uliochomoza kwenye kola ya Waziri. Ni kazi ya heshima, na ni kazi ya kuogofya. Aliyenitangulia alipiga chafya mkasi ukiwa mkononi, utepe ukakatika kabla ya hotuba, na mpaka leo mkewe akiulizwa habari zake anasema yuko safarini.

*

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe. Hakuna nchi inayopambana na UKIMWI kama yetu. Tuna Tume ya Mapambano, tuna Baraza la Kuratibu Mapambano, na kwa kuwa Tume na Baraza hawasalimiani, tuna Sekretarieti ya Kuwasuluhisha. Wote wana magari yenye vibandiko vyekundu, na mtu akiona msafara wao barabarani anajisikia amepona nusu.

Dawa za kufubaza virusi tulikuwa tunazipata kwenye mradi wa zamani. Mradi ule ukafika mwisho, ukafungwa kwa keki na matarumbeta. Mradi mpya ukaja na kontena refu juu ya tela, limejaa dawa hadi darini. Likapelekwa katikati ya uwanja wa taifa, likajengewa paa la makuti lisipigwe na jua, kisha likazungushiwa utepe mwekundu, ule ule tunaoubandika kifuani siku ya UKIMWI duniani kuonyesha kwamba tunajali. Ulikuwa utepe mpana kweli. Mtu aliuona tangu barabarani, na wengi walisimama kuutazama.

Mke wangu, Stamili, alikuwa mmoja wa waliosimama. Stamili ana virusi, mimi sina, na wakati huo alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Nesi Bihawa wa kliniki ya mama na mtoto alitukalisha sote wawili akatueleza taratibu, kama anayefundisha njia. Ukimeza dawa kila siku bila kuruka, virusi vinalala, mtoto anazaliwa salama na mumeo anabaki salama. Ukiacha, vinaamka. Tangu siku hiyo mtu akisema "amka" hata kwa mtoto wa jirani, mimi moyo unanipasuka.

Kliniki ilikuwa inatoa chupa nzima. Ikaanza kutoa nusu. Halafu Nesi Bihawa akawa anatoa kidogo kidogo ndani ya kipande cha gazeti, akiangalia pembeni, na mwisho kabati likabaki na mabango tu, yanayosema meza dawa kwa wakati, na mazishi yakaanza kupunguza watu kwenye benchi la kungojea. Chupa ya nyumbani nayo ilikuwa inabadilika sauti. Ilipojaa ilitoa sauti ya maharage yanayomiminwa. Baadaye ikawa inalia kama kayamba. Asubuhi moja nilikuwa nafunga tai mbele ya kioo nikamsikia anaitikisa chumbani, taratibu, nisisikie. Niliogopa. Sioni haya kusema kwamba niliogopa hadi tai ikanishinda kufunga.

*

Utauliza, kwa nini utepe haukukatwa. Haukukatwa kwa sababu ya uongozi.

Taifa Kubwa lilisema limetoa dawa, kwa hiyo lenyewe ndilo likate. Taifa Kubwa Zaidi likasema limetoa meli iliyozibeba. Taifa Lililokuwa Kubwa halikutoa dawa wala meli, lilitoa wazo, tena zamani sana, na lilikuwa na picha za kuthibitisha. Muungano wa Mataifa Yanayotaka Kuwa Makubwa ulikuwa umetoa utepe. Kila mmoja alidai kuwa kiongozi wa dunia katika vita hivi, na kila mmoja alisisitiza kwamba hatafuti sifa.

Wakafanya mikutano katika miji yenye theluji. Mmoja nilihudhuria, na mkasi wangu juu ya mto, nikawekwa nyuma ya bendera. Walijadiliana tangu asubuhi kama neno "pamoja" liandikwe kabla ya majina ya nchi au baada yake. Mjumbe mmoja alitokwa na machozi alipozungumzia akina mama wajawazito wa nchi maskini, kisha akauliza kahawa iko wapi. Walikuwa watu wema, sitawasengenya. Nilitaka kunyoosha mkono niwaambie kwamba mmoja wa akina mama hao anapika chakula changu na analala ubavuni mwangu. Lakini mikono yote miwili ilikuwa imebeba mto.

Niliporudi nilikwenda kwa Waziri wetu wa Afya na Uzinduzi, Mheshimiwa Daktari Magwaza, ambaye udaktari wake ni wa heshima. Nilimzunguka sana kabla ya kusema. Nikamwuliza kama haiwezekani wagonjwa wakapewa dawa kidogo kwa siri, kisha utepe ukafungwa tena vizuri, na wageni wakija wakaukata kama kawaida. Nilisema nauliza kwa niaba ya jirani.

"Bwana Mkasi," alisema, "wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni hajaja. Huyo jirani yako anataka kupona kwa adabu gani?"

Nikaomba radhi kwa niaba ya jirani. Mheshimiwa akanisamehe, maana alikuwa na furaha: wageni wote wanne walikuwa wamekubali kuja siku moja. Walitaka jambo moja tu, mnufaika wa kukabidhiwa chupa ya kwanza mbele ya kamera, na kazi ya kumtafuta akanipa mimi. Mnufaika asiwe amekonda, wageni wasije wakadhani msaada uliopita haukufika. Asiwe amenenepa, wasije wakadhani huu hauhitajiki. Awe na sura ya shukrani. Na ikiwezekana awe mjamzito, kwa sababu mjamzito katika ripoti anahesabiwa watu wawili.

Nilijibu ndiyo Mheshimiwa. Nikainamisha kichwa, kama kazi yangu inavyotaka.

*

Sikukusudia kumwambia Stamili. Lakini tangazo la mnufaika lilisomwa redioni, na nilimkuta jikoni akichagua mchele, ungo mapajani, tumbo limemzuia asiinamie vizuri. Hakuniuliza habari za kazi.

"Nitakwenda mimi," alisema.

Nikaanza kumtajia watu. Nikamtajia wenye nyumba wetu, na wanawake wa kikundi chake cha kufa na kuzikana, na dada zake. Nikamtajia mama yangu, ambaye kila akija anamletea ndizi na dua na hajui chochote. Nikamwambia ni televisheni, Stamili, nchi nzima itakuona, hata wale waliokwisha kutusahau. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akiendelea kutoa mawe.

"Wewe unawaogopa watu," alisema. "Na mimi nawaogopa. Usiku nawaza mama atanitazamaje, nakosa usingizi." Akachukua chupa yake kutoka rafu ya chumvi, akaitikisa. Ilitoa mlio mdogo sana. "Lakini hii naiogopa zaidi. Mficha uchi hazai, Mahimbo. Mimi nataka kuzaa."

Akarudi kwenye mchele wake. Mimi nilitoka uani nikasimama karibu na kamba ya nguo, nikajifanya naangalia kama zimekauka.

*

Siku ilifika. Wanajeshi walikuwa wamefukua uwanja tangu alfajiri ili viti vinne vya wageni viwe kimo kimoja, maana ardhi ya pale ina mwinamo na mmoja angeonekana anaongoza kwa sababu ya mteremko. Bendi ikapiga nyimbo nne za taifa kwa wakati mmoja, ndiyo suluhisho lililopatikana, na sisi tukasimama wima kwa kelele ile. Majukwaa yalijaa. Watu walikuwa wameambiwa ni mpira.

Kila mgeni alikuja na mkasi wake. Nilipoona hivyo nilijua sina kazi, lakini nikabaki nimesimama na mto wangu kwa itifaki. Mshereheshaji alisoma majina ya meza kuu, na vyeo vyao, na vyeo vya waliokuwa wameomba udhuru, mpaka jua likafika utosini, ndipo akasema itifaki imezingatiwa. Kisha zikaja hotuba. Mgeni wa kwanza alisema hakuna atakayeachwa nyuma. Wa pili akasema yeye alilisema hilo kwanza. Stamili alikuwa amesimamishwa nyuma ya jukwaa, juani, kwa kuwa kiti cha mnufaika hakikuwa kwenye bajeti ya nchi yoyote kati ya zile nne.

Ulipofika wakati wake, mshereheshaji alimtangaza. Alitaja jina lake, akataja mtaa wetu, akasema anaishi na virusi vya UKIMWI, akasema yote hayo kwa furaha kama anayemtangaza mshindi wa bahati nasibu. Watu wakainuka kumtazama. Nilisikia mahali fulani juu kwenye majukwaa ya watazamaji mwanamke akisema, "Yule si mkwe wa Bi Tausi?" Bi Tausi ni mama yangu.

Stamili alipanda ngazi bila kutazama pembeni. Wageni wanne wakamkabidhi chupa. Umewahi kuziona zile hundi kubwa za mfano wanazokabidhiana watu kwenye sherehe, ambazo huwezi kwenda nazo benki? Chupa ilikuwa ya namna hiyo, ya ubao uliopakwa rangi, inamfika mabegani. Kila mgeni alishika upande wake. Wakapigwa picha wakitabasamu, kisha wakabadilishana pande wakapigwa tena, ili asiwepo aliyekaa katikati peke yake. Stamili alisubiri wamalize. Halafu akaigeuza ile chupa, akaangalia nyuma yake, akamwuliza mshereheshaji dawa yenyewe iko wapi. Mshereheshaji akacheka kwa upole, akamwambia mama hii ni ya mfano.

Ndipo Mheshimiwa Magwaza akasimama kutoa tangazo la kihistoria. Alisema ndugu zetu wageni, baada ya mashauriano ya kina pale pale mezani, wamefikia ushirikiano ambao dunia haijapata kuuona. Kwa kuwa hakuna aliye tayari kumtangulia mwenzake, wamekubaliana kwamba leo asikate mtu. Kontena litasafirishwa, likiwa na utepe wake, hadi kwenye Mkutano Mkuu wa Uongozi wa Dunia, katika mji wenye theluji, ambako litazinduliwa mbele ya viongozi wote. Baada ya hapo litarejeshwa, hali ya hewa ikiruhusu. Haraka haraka, alisema Mheshimiwa, haina baraka.

Makofi yakapigwa. Na mimi nilipiga, kwa mazoea, mto na mkasi vikiwa kwapani. Kichwa cha lori kilikuwa kimekwisha kurudi nyuma na kufungwa kwenye tela, na injini inanguruma.

Stamili alikuwa bado karibu na kipaza sauti. Akakiinamia.

"Nimejitangaza kwa nchi nzima," alisema. "Nipeni dawa nimeze."

Mheshimiwa akakitwaa kipaza sauti, akamshukuru mnufaika kwa maneno yake ya shukrani.

Mke wangu akashuka ngazi. Akaiburuta ile chupa ya ubao juu ya majani mpaka mbele ya lori, akailaza chini, akakaa juu yake, mikono tumboni. Dereva akapiga honi. Hakunyanyuka. Dereva akamtazama ofisa wa polisi, ofisa akamtazama Waziri, Waziri akawatazama wageni, na wageni wakatazamana wao kwa wao ili ijulikane nani ataongoza katika kukasirika. Kila mmoja akamwashiria mwenzake aanze. Injini ilikuwa inaendelea kunguruma, na bampa la lori lilikuwa juu ya kichwa cha Stamili. Sijawahi kuogopa vile, na naomba Mungu nisiogope vile tena.

Sikuamua kitu. Nasema kweli, sikuamua. Miguu ndiyo iliyokwenda, na mto ukaanguka njiani, nikajikuta nyuma ya kontena na mkasi wa dhahabu mkononi. Ulikuwa butu. Haukuwahi kunolewa, kwa kuwa tepe zote za taifa huwa zinakwanguliwa kwanza kwa wembe na watu wa itifaki. Nikaukata ule utepe kwa kuutafuna kama mtu anayekata nyama ya ng'ombe mzee, nikilia, mpaka ukaachia.

Chini ya utepe hapakuwa na kufuli. Nililitafuta. Hapakuwa na kufuli, wala komeo, wala mnyororo, na walinzi waliokuwa pale siku zote walikuwa wanalinda utepe. Nilivuta mlango kwa mkono mmoja ukafunguka.

Nesi Bihawa alifika kabla ya polisi. Akapasua boksi, akatoa chupa ya kweli, akaipeleka kwa Stamili pale pale alipokaa. Stamili alimeza bila maji. Nilitazama koo lake likishuka na kupanda, nikangoja nikamatwe.

Lakini Mheshimiwa Magwaza hakuwa Waziri kwa bahati. Alikuwa amekwisha kufika kwenye kipaza sauti. Akatangaza kwamba, kwa ushirikiano wa pande zote na chini ya uongozi wa kila mmoja, mradi umezinduliwa rasmi. Bendi ikapiga nyimbo nne. Wapiga picha wakakimbilia kontena, naye Mheshimiwa akasimama kando ya mlango, akiwa ameshika kipande cha utepe nilichokikata mimi.

Wanawake wakaanza kushuka majukwaani. Walishuka mmoja mmoja, wengine wamejifunika kanga hadi usoni, wengine wamechoka kujifunika. Kliniki kwetu hakuna kuitwa majina, jirani asije akasikia. Kila mmoja anajua tu anakaa baada ya nani kwenye benchi. Na ndivyo walivyojipanga uwanjani bila kuelekezwa, kila mmoja akimtafuta wa mbele yake. Stamili, ambaye dawa yake alikuwa amekwisha kupata, naye alikwenda kusimama mahali pake.

Mstari ule ulikuwa na mapengo. Wanawake wawili, halafu uwazi wa kumtosha mtu. Mmoja, halafu uwazi mrefu. Mbele ya Stamili palikuwa wazi, na nyuma yake palikuwa wazi, na nilipoona hivyo nikashika tairi la tela.

Mpiga picha wa serikali alilalamika kwamba mstari hautokei vizuri. Mheshimiwa akawaomba akina mama wasogee, wazibe nafasi, ili wageni wapate picha nzuri ya mwisho. Hakuna aliyesogea. Akaomba tena kwa sauti ya kibaba. Mwisho akamfuata Stamili, kwa kuwa huyo sasa alikuwa anamfahamu, akamsogezea kipaza sauti, akamwuliza wenzake wana nini, mbona hawasogei.

"Hizo nafasi zina wenyewe, Mheshimiwa," alisema Stamili.

Mkalimani alifungua mdomo akaufunga, hakutafsiri. Wageni wakadhani ni shukrani. Wakasimama wote wanne kwa pamoja, bila kuulizana nani aanze, wakapiga makofi.